Katibu wa Safari za Theluji

Nta ilikuwa imeanza kudondoka kutoka kwenye pasi, tone baada ya tone, juu ya ubao wa skii alioulaza kati ya viti viwili vya jikoni, na Wakui Teruo hakutaka kuiacha ipoe. Kwa hiyo aliibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kuupiga pasi ubao ule kama mtu anayenyoosha shati la arusi, huku akizungumza.

"Mwezi wa pili," alisema. "Theluji inakuwa imetulia, na watoto wa shule hawajafunga bado. Nyumba ya wageni ni ileile, kwa Mama Kiyono. Nimeshamwomba atupe chumba cha chini ili usihangaike na ngazi."

"Katibu," ilisema sauti ya Shirahata upande wa pili, "wewe mwenzetu huzeeki?"

"Nazeeka. Ila nazeeka mbao zangu zikiwa na nta."

Shirahata alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alikuwa msimamizi wa tanuru enzi za kiwanda, na mapafu yake hayakuwahi kuusahau moshi. "Goti langu, bwana. Daktari kaniambia hata kuchuchumaa nisichuchumae."

"Hutachuchumaa. Utakaa pale mgahawani dirishani, unatutazama tunavyoanguka. Na bafuni nitakutafutia kigoda kirefu, nimeshalifikiria hilo."

"Kigoda kirefu," Shirahata akarudia polepole. "Haya, Katibu. Tuone."

Wakui alikata simu akitabasamu. Kwake yeye, "tuone" ilikuwa ni ndiyo iliyovaa koti.

Hakuna aliyemwita Wakui. Tangu alipokuwa kijana katika kiwanda cha kusubu chuma pale Kawaguchi, jina lake lilikuwa Katibu, na ukatibu wenyewe ulikuwa wa kitu kimoja tu: safari ya theluji. Wiki nzima wanaume wale walisimama mbele ya chuma kilichoyeyuka, nyuso zimeiva kama viazi vya kuchoma, na kila mwaka, baridi ilipokolea, Katibu aliwapakia kwenye basi na kuwapeleka milimani wakaguse kitu cha baridi. Yeye ndiye aliyejua nani anakoroma na nani hawezi kulala karibu na mkoromaji. Alijua nani hali samaki, nani hutapika kwenye kona, nani asipewe pombe ya sake kabla ya kula. Hayo yote alikuwa nayo kichwani. Kazi yake kiwandani ilikuwa kushindilia mchanga wa kalibu: kuubana kuzunguka umbo la mti, kulitoa lile umbo, na kuacha uwazi ambamo chuma kingemiminwa. Chuma kikishapoa, kalibu huvunjwa kwa nyundo, mchanga hurudi kwenye lundo. Miaka yote ile Wakui alitengeneza vitu vya kuvunjwa, na hakuona ubaya. Kilichotoka ndani yake kilikuwa kizima, kizito, na kilikwenda kufanya kazi mahali fulani.

Kiwanda kilifungwa. Safari haikufungwa. Iliendelea na wale waliobaki, ikasimama wakati wa ule ugonjwa wa dunia nzima, kisha ikawa kama imesahaulika. Katikati hapo Okabe, mmoja wa wanasafari wa zamani, alifariki. Lakini vuli ile, Wakui alipokuwa akitafuta blanketi kabatini, mkono wake uligusa mfuko wa mbao zake za skii, na jioni hiyohiyo akaanza kupiga simu.

Momose, mwenzao mwingine wa kiwandani, alisema mke wake siku hizi anasahau, juzi aliwasha jiko bila sufuria. "Mlete," Wakui akamwambia, "Mama Kiyono ni mtu wa watu." Momose akasema atafikiria. Nezu, yule mnene aliyekuwa dereva wa winchi, hakufikiria chochote. "Niandike, Katibu! Wali wa mbinguni uko kule kwa yule mama!" Alivyopenda kula Nezu, chakula chochote kitamu alikipandisha mbinguni.

Siku za Wakui zikapata umbo. Aliishi peke yake juu ya duka la mchele lililokwishafungwa, katika vyumba viwili alivyowahi kukaa na mama yake mpaka mama alipoondoka duniani. Hakuoa. Haikuwa kwamba alikataa. Ni kwamba kila mwaka alikuwa na jambo la kupanga. Sasa aliamka asubuhi akijua la kufanya. Alikwenda stesheni kuuliza habari za treni. Alipita duka la vifaa vya wagonjwa kutafuta kigoda, akakipata chenye miguu ya mpira, akakaa juu yake mara kadhaa mbele ya muuzaji, akichuchumaa na kuinuka, mpaka muuzaji akamuuliza kama ni yeye mwenye goti.

"Si mimi," alisema Wakui kwa fahari. "Ni rafiki yangu."

Ilibaki kujua kiti cha Nezu kwenye treni. Nezu hupenda dirisha, lakini dirisha la upande gani? Jambo hilo lilimsumbua usiku kucha, na asubuhi akapiga simu. Aliyepokea ni mke wa Nezu, Fusae.

"Shemeji!" Fusae alisema kwa furaha. "Wewe una nguvu jamani. Mwenzako tangu arudi kutoka kwenye chemchemi za Atami ni kulala tu, utadhani kuoga maji ya moto ni kazi."

"Atami," alisema Wakui.

"Eti Bwana Shirahata alichapa usingizi ndani ya maji mpaka wakamvuta miguu! Na yule Momose, maskini, nimefurahi alivyopata mtu wa kukaa na mkewe, naye akapumua kidogo. Nilimwambia mume wangu, hiyo safari Katibu ameipanga ikapangika." Akasita. "Shemeji? Si mlikuwa wote?"

Wakui alitazama jikoni kwake. Maji yalikuwa yakichemka, mvuke ukipanda taratibu kwenye kioo cha dirisha.

"Ndiyo," alisema. "Tulikuwa wote. Maji yalikuwa mazuri sana. Usimwamshe, shemeji, mwache alale."

Aliweka simu chini, akazima jiko. Chai hakunywa. Alivaa koti, akashuka ngazi, akatembea mpaka pale kiwanda kilipokuwa. Siku hizi pana majumba marefu ya kupangisha, na mbele yake uwanja mdogo wenye bembea. Alikaa kwenye benchi mpaka vidole vikafa ganzi. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mdogo alimtazama, akamtazama tena, kisha akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Kwa siku kadhaa hakumpigia mtu, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuwahi kuligundua: asipopiga yeye, simu yake hailii.

Nezu alikuja mwenyewe, mchana wa Jumapili, akihema kwa ngazi, na mfuko wa machenza mkononi. Bila shaka Fusae na mumewe walikuwa wamekaa wakazungumza. Alijipenyeza chini ya ile meza fupi yenye kipasha joto chini yake, akavuta blanketi lake mpaka kiunoni, akamenya chenza moja bila kula.

"Katibu, nikwambie kitu. Usinikasirikie."

"Sema."

"Ile ya Atami haikupangwa. Naapa. Tulikutana kwenye maziko ya mke wa yule fundi mitambo wa kiwandani, wewe hukuwepo, pale Shirahata akasema mgongo unamuuma, mimi nikasema maji ya moto, Momose akasema leo mkewe yuko kwa binti yake. Tukajikuta stesheni. Na suti zetu za msiba! Tumefika, hakuna vyumba, tumelala watatu kwenye mkeka mmoja kama dagaa kwenye kopo. Shirahata anakoroma, Momose anampiga mto, mimi nacheka mpaka…" Alisita. Kicheko kilikuwa kimemponyoka, akakirudisha ndani. "Hatukukuficha. Tulisahau tu kukwambia."

"Kunisahau ni afadhali kuliko kunificha?"

Nezu aliweka chenza mezani. "Kuna jingine. Afadhali nilimalize lote. Katibu, sisi theluji hatuipendi."

"Mnazeeka. Naelewa."

"Hapana, hujaelewa. Hatujawahi kuipenda. Okabe peke yake, yule alikuwa mtu wa milima tangu kuzaliwa. Shirahata anaogopa vile viti vinavyoning'inia, alikuwa anafumba macho toka chini mpaka juu. Mimi nikivaa vile viatu miguu inakufa. Momose kila mwaka alikuwa ananiambia, mwaka huu nitamwambia. Hakukwambia."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote."

"Sasa mlikuwa mnakwenda kufanya nini?"

Nezu alimtazama, na uso wake mnene ulikuwa na huruma ambayo Wakui hakuwahi kuiona usoni mle. "Ulikuwa unafurahi mno, bwana. Ikifika vuli unaanza kutembea kiwandani kama mtu anayeoa. Nani angekwambia? Tulisema, twendeni, Katibu ameshapanga." Akapangusa mikono kwenye blanketi. "Na wewe mwenyewe hata hutelezi! Unakaa na mabegi! Tulikuwa tunaulizana kule juu, hivi huyu Katibu anapenda nini hasa?"

Nje gari la taka lilipita likipiga wimbo wake. Wakui alingoja likate kona. Alikuwa amedhani kwamba muda wote ule amewabeba. Sasa aliambiwa kwamba alikuwa amebebwa, kwa upole, na watu wenye miguu iliyokufa ganzi, na hakujua kama ashukuru au aanze kulia. Alichukua lile chenza, akalikata vipande, akampa Nezu nusu.

"Nitakuja," Nezu alisema, chenza mdomoni. "Mimi na wewe. Waache hao. Nitakaa mgahawani nile."

"Hapana."

"Usiwe hivyo."

"Sijakasirika. Hupendi theluji, Nezu. Kwa nini uende?"

Walipoagana mlangoni, Nezu alishuka ngazi polepole, mkono ukishika ukuta.

Asubuhi yake Wakui alipiga simu kwa Mama Kiyono kufuta safari. Hivyo ndivyo alivyokusudia.

"Katibu!" yule mama alisema. "Nimeshaanika magodoro makubwa kwa ajili yenu. Bwana Nezu bado anakula vile?"

"Mama, watu wamepungua."

"Ee. Wamebaki wangapi?"

Neno la kufuta lilikuwa kwenye ulimi. Alilitafuta, akaona halipo. "Mmoja."

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

Alisikia bomba la maji likifungwa. Nyumba ndogo za wageni hazipendi mgeni mmoja. Chumba ni kilekile, moto ni uleule. Alikuwa tayari kukataliwa kwa heshima, na moyoni alikuwa ameshaanza kushukuru.

"Basi cha chini hakina haja," alisema Mama Kiyono. "Nitakupa cha juu, kinachotazama mlima. Hujawahi kulala kule."

"Kile nilikuwa nampa Okabe."

"Najua. Na niandike jina gani, Katibu? Maana siku zote nimeandika Katibu tu."

"Wakui," alisema. "Wakui Teruo." Alijisikia kama anataja jina la mtu aliyemsikia kwa watu.

*

Kwenye treni alikaa dirishani, upande wowote. Treni iliingia ndani ya handaki refu, ikatoka upande wa pili, na dunia yote ilikuwa imefunikwa. Hakuna aliyepiga kelele "Katibu, angalia!" Aliangalia mwenyewe.

Chumba cha juu kilikuwa na ubaridi wa mahali pasipolala mtu mara kwa mara. Mama Kiyono, aliyekuwa amepinda mgongo kuliko alivyomkumbuka, alimwandalia chakula kwenye meza ndogo ya mtu mmoja: wali, samaki wa mtoni, uyoga, figili iliyochachushwa. Kwenye meza kubwa ya jirani kundi la wauguzi vijana kutoka Takasaki walikuwa wakishindana kula, na mara mbili Wakui alijikuta akitaka kuinuka awahesabu kama wote wamefika. Akajizuia, akanywa supu yake ya miso.

Asubuhi alipanda mlimani. Na huko miguu yake, bila kumuuliza, ilimpeleka moja kwa moja mgahawani, kwenye kiti cha dirishani pale chini ya mteremko. Alikaa. Aliweka chupa yake ya chai mezani. Watu walipita na rangi zao, nyekundu, kijani, zambarau. Hakujua kinachofuata. Kila mwaka, kilichofuata ni mtu kuja: mmoja ana njaa, mmoja kapoteza glavu, mmoja kifundo kimevimba.

"Mzee, samahani," alisema msichana mmoja wa wale wauguzi. "Naomba unitazamie begi langu. Nakwenda mara moja tu."

"Hamna shida. Nenda, mwanangu."

Aliliweka begi karibu na mguu wake, akatulia, na aibu iliyoje, alijisikia vizuri. Asubuhi ikaisha. Wenye njaa wakaja, wakala tambi, wakaondoka. Msichana alirudi mchana ukiwa umeshaanza kuchoka, mashavu mekundu.

"Jamani! Umekaa hapa muda wote? Nilidhani utamwachia mtu wa kaunta! Nimekupotezea siku. Wenzako watakuwa wanakusubiri huko juu."

"Sina wenzangu," alisema Wakui. "Niko peke yangu."

Alilisema kwa sauti kuliko alivyotaka. Mtu wa meza ya pili aligeuka. Msichana akainama mara kadhaa akiomba radhi, akachukua begi, akakimbia, na Wakui akabaki na meza tupu. Halafu akafunga viatu vyake, akakaza vifungo mpaka miguu ikauma, akatoka.

Alipanda kiti cha kwanza cha kuning'inia kwenye waya, akashuka. Alipanda cha pili. Cha tatu, kile cha kilele, hakuwahi kukipanda. Kiti kilipita juu ya misunobari iliyolemewa na theluji, waya ukilia juu ya kichwa chake, na chini hapakuwa na alama ya mtu. Alimkumbuka Shirahata akiwa amefumba macho. Maskini Shirahata. Mwaka baada ya mwaka, kwenda na kurudi.

Kilele kilikuwa upepo na ukungu. Kibao kilionyesha njia mbili, na yeye aliyewachagulia wengine njia maisha yake yote alisimama mbele ya kibao kile kama mtoto aliyeachwa sokoni. Akachukua ya kushoto. Alishuka akizuia, mapaja yakitetemeka, akakata kona moja, akakata ya pili, na kwenye ya tatu mbao zikapishana. Anga ikapinduka. Alijikuta amelala ubavu katika theluji laini, mguu mmoja chini ya mwingine, kofia imemziba jicho.

Alijaribu kuinuka, mkono ukazama mpaka begani. Alijaribu tena. Theluji ile haikuwa na sakafu. Alisikiliza: hakuna kengele, hakuna sauti, hakuna anayejua kwamba Wakui Teruo amelala pale. Alikuwa na amri moja isiyovunjwa katika safari zake zote, kwamba mtu asiteleze peke yake, na sasa aliielewa sababu yake kwa mwili mzima. Uoga ulimjaa, kisha ukapungua, kwa kuwa hata uoga unataka mtu wa kuambiwa. Chembe za theluji zilimwangukia usoni, nyepesi, na hakuzipangusa. Alikaa hivyo. Palikuwa kimya kiasi kwamba alizisikia zikigusa koti lake.

"Nezu," alisema kwa sauti ya kawaida, "nimeanguka."

Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akaanza kujielekeza mwenyewe kama alivyowaelekeza wengine miaka mingi pale chini. Geuza mbao zikatize mlima. Usikimbilie kusimama. Lala chali kwanza. Aliushindilia mchanga… aliishindilia theluji kwa kiwiko, kwa ngumi, kwa goti, akaibana taratibu kama kalibu mpaka ikawa ngumu, akalaza fimbo zake mbili za skii juu yake kama msalaba, akajisukuma. Akaanguka. Akashindilia tena. Alipofanikiwa kusimama alikuwa ameloa jasho, akihema kama farasi, na machozi yalikuwa yameganda kwenye kope zake, hakujua yametoka saa ngapi. Alipotazama nyuma aliona shimo lenye umbo lake, bega, nyonga na goti, na theluji imeshaanza kuingia ndani yake.

Njia iliyobaki ilikuwa pana. Hakuzuia tena sana. Mbao zilikuwa na nta nzuri, zikanong'ona chini yake, kona ikazaa kona, na upepo ukaingia mdomoni mwake uliokuwa wazi bila yeye kujua.

Alipofika chini ya kile kiti cha kilele, mlima ulikuwa karibu mtupu. Mwendeshaji wa viti, mzee mwenye ndevu zilizoganda barafu, alikuwa akifagia theluji kwenye jukwaa la mbao.

"Tunakaribia kufunga, bwana," alisema. "Ukitaka, panda. Kama umechoka, kahawa iko kule."

Wakui alitazama njia ya mgahawani, taa zake zikiwa zimewashwa. Akatazama juu, ambako waya ulipotelea ndani ya ukungu.

"Kuna wengine nyuma yangu?"

Mwendeshaji aligeuza kichwa, akatazama mteremko mzima. "Hakuna. Ni wewe tu."

Kiti kilikuwa kinakuja kikizunguka kutoka nyuma. Wakui alihamisha fimbo zake mkono mmoja, akakunja magoti, akangoja kimguse.